Kicheko cha Becky

Jumamosi ya Waceke ilikuwa na utaratibu wake, na ole wake mtu wa kuuvuruga. Akiamka alifua sare za shule, akasugua viatu vya Lenox, mdogo wake, ambaye hakuwahi kuona tope akalipita kando, kisha akapiga deki sebuleni. Baada ya hapo mama hakuwa na neno. Waceke alivuka ua mbio na kubisha hodi kwa Anti Jacklyne, jirani yao mtaani Woodley.

Anti Jacklyne alikuwa mtengenezaji wa filamu. Usije ukafikiria malori ya vifaa na taa za kupofusha macho! Alikuwa na kamera moja, kipaza sauti kimoja na kompyuta iliyochoka. Wiki hii angepiga picha za harusi kule Karen, wiki ijayo angetumia malipo hayo kutengeneza filamu yake mwenyewe, bila bosi wala kampuni. Taa hakuwa nayo. Aliinua karatasi nyeupe ya manila ili mwanga wa dirisha uangukie usoni mwa mtu. Akitaka sauti safi, alijifungia ndani ya kabati la nguo na kusemea humo. Kwake Waceke alijifunza kushika simu kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavu, picha isitikisike kama ya mgonjwa wa malaria.

"Na usiwe na haraka ya kuzima," Anti Jacklyne alizoea kumwambia. "Watu huzima kamera wakati jambo lenyewe ndio kwanza linaanza."

Basi siku ya michezo ilipofika katika shule yao karibu na Dagoretti Corner, chama cha filamu kilimkabidhi Waceke kazi ya kurekodi. Alirekodi kila kitu: watoto wadogo wakikimbia na magunia, walimu wakivuta kamba, na mbio ndefu za wasichana, ambapo Nanjala aliongoza tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho Nanjala alijikwaa. Pu! Akala vumbi, mikono na magoti chini. Waceke hakuzima. Lakini watu walikimbilia pale, mtu akamsukuma, mgongo wa mtu ukaziba picha, na simu ikatikisika vibaya.

Siku iliyofuata, akiwa mbele ya kompyuta ya shule, aliikata sehemu hiyo yote ya kutikisika. Nani anataka kutazama mgongo wa mtu? Ila sasa filamu ilikwama. Nanjala anaanguka, halafu hakuna kitu, kama mtu aliyefungua mdomo akasahau alichotaka kusema. Waceke alitafuta cha kuziba pengo. Akapata picha ya Becky, mwanafunzi mwenzao, akicheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Alikuwa ameichukua asubuhi ya siku ya michezo, upepo ulipopeperusha kofia ya Mwalimu Oduor. Akaibandika pale. Nanjala pu! Becky kwa, kwa, kwa! Lo, zilishikana utadhani zilizaliwa pamoja. Aliirudia mara nyingi, akijichekea peke yake.

Jumatatu Mwalimu Oduor, mlezi wa chama, alilionyesha darasa zima filamu hiyo. Ilipofika hapo darasa lilipasuka kwa kicheko. Wengine walipiga madawati, wengine walishika mbavu.

"Waceke, hapo umepatia!" Mwalimu alisema, akifuta machozi ya kucheka. "Filamu hii Ijumaa naipeleka mjini. Jumamosi itaonyeshwa pamoja na za shule nyingine, wazazi wakiwepo."

Waceke alivimba kichwa. Hakuona kwamba Nanjala alikuwa ameinamia dawati lake.

Nanjala na Becky walikuwa kama chanda na pete. Walikuja shuleni pamoja na kurudi pamoja, na ukimkosa mmoja ulimuuliza mwenzake. Jioni ile Nanjala alitoka peke yake. Becky alipomwita, hakugeuka.

Becky alimfuata Waceke langoni, macho mekundu. "Waceke, kwani nilicheka?"

"Si... si umejiona?"

"Nimejiona. Ni mimi kabisa. Lakini sikumbuki! Nakumbuka ni kama nilikuwa kwa mfereji, nachota maji. Ama nilikuwa nimesharudi? Aki sijui. Mtu anaweza kumcheka rafiki yake halafu asahau?"

Hapo ndipo Waceke alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa pale pale ulimini: ile ni ya asubuhi, Becky, ni mimi niliibandika. Lakini hiyo ndiyo sehemu iliyosifiwa. Akitoboa siri, nini kitabaki cha kupelekwa mjini? "Mimi pia sijui," alisema, na kukimbia nyumbani.

Njiani kichwa kilimzunguka. Kwani alikuwa amesema uongo? Nanjala alianguka, hiyo ni kweli. Becky alicheka, na hiyo pia ni kweli. Hakuna picha aliyoibuni. Sasa kweli mbili zikiunganishwa, uongo unatoka wapi? Aliligeuza swali hilo huku na huku, akazidi kupotea.

Kesho yake mambo yalizidi kuharibika. Wakati wa mapumziko Becky alimwendea Nanjala, mikono nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe kwa vile nilikucheka."

Nanjala alirudi nyuma hatua moja. "Kumbe ni kweli," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja uje uniambie haikuwa hivyo."

Akaondoka. Becky alibaki amesimama, akiwa ameomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Waceke aliyaona na kuyasikia yote.

Jioni hiyo aliiacha githeri yake, mahindi kwa maharagwe, ikapoa sahanini. Kibaya zaidi, alipofumba macho alimwona Becky amesimama kando ya uwanja, anamcheka Nanjala. Yeye mwenyewe, aliyeibandika picha ile kwa mkono wake, alianza kuamini! Hakungoja Jumamosi. Aliomba ruhusa kwa mama, akavuka ua, Lenox akimfuata nyuma kama kawaida yake, na kumweleza Anti Jacklyne kila kitu.

Anti Jacklyne hakumgombeza. Alivuta kiti. "Keti hapa. Tazama ule ukuta. Usifikirie chochote."

Waceke alitazama ukuta. Anti Jacklyne akarekodi uso wake. Kisha akarekodi sahani ya chapati iliyokuwa mezani, na baada yake kikombe kilichovunjika, ambacho Anti mwenyewe alikuwa amekivunja asubuhi akiosha vyombo. Akaziunganisha kwenye kompyuta na kumwita Lenox.

"Lenox, hapa dada yako anafanya nini?" Ikaonekana chapati, halafu uso wa Waceke.

"Ana njaa. Anataka chapati. Hata mimi nataka."

"Na hapa?" Kikaonekana kikombe kilichovunjika, halafu uso.

Lenox aliruka. "Ala! Waceke, umevunja kikombe cha Anti! Nitakusemea kwa mama!"

"Sijavunja!"

"Umevunja! Angalia vile unajificha!"

Waceke alijitazama. Ukweli wa Mungu, hata yeye aliona mtu mwenye hatia katika uso ule. Na wakati ule hakuwa amefikiria kitu chochote, ila ukuta tu. 

"Kikombe ni cha kweli," Anti Jacklyne alisema. "Uso ni wako. Uongo uko wapi?"

Waceke alifikiri. "Uko hapo katikati," alisema polepole. "Pale zinapokutana. Hapo ndipo mtu anaelewa kitu ambacho hakikutokea."

"Na nani aliyezikutanisha?"

Waceke alijinyooshea kidole kifuani. 

"Ile sehemu uliyoikata bado unayo?"

Ilikuwamo kwenye flashi yake, ndani ya mkoba. Waceke alikiri kwamba hajawahi kuitazama hadi mwisho. Waliifungua. Picha iliyumba, mgongo wa mtu ukaziba, halafu mgongo ukasogea. Mbali kabisa, kwenye mfereji, Becky alikuwa amewapa watu kisogo, anajaza maji kwenye chupa. Aligeuka, akaona msongamano, akatoka mbio, maji yakimwagikia miguuni. Alipofika, Mwalimu Oduor alimpokonya ile chupa bila hata kutazama ni ya nani, akaosha goti la Nanjala. Nanjala alikuwa amefunika uso kwa mikono. Kisha akainuka, akachechemea hadi kwenye mstari wa mwisho, wenzake wote wakiwa wameshamaliza.

Waceke alilia. "Nitaenda niitoe ile ya kicheko. Hakuna atakayejua."

"Na waliokwisha kuiona? Watabaki nayo vichwani," Anti Jacklyne alisema. "Ulimchafua mbele ya watu. Utamsafisha chumbani?"

Asubuhi Waceke alimweleza Mwalimu Oduor, na kabla ya somo la kwanza alisimama mbele ya darasa.  Alionyesha tena sehemu ile, na wachache wakacheka. Akaisimamisha.

"Hizi mbili hazikutokea pamoja," alisema. "Hapo Becky alikuwa anacheka kofia ya Mwalimu, asubuhi. Mimi ndiye niliibandika hapo. Becky aliponiuliza, nilijua, na sikumwambia. Sasa tazameni ilivyokuwa."

Akawaonyesha ile picha ya kutikisika, yote, bila kuikata. 

"Nilikuwa kwa mfereji!" Becky alipiga kelele. "Nilijua! Nilijua nilikuwa kwa mfereji!"

Mwalimu Oduor alikuna kichwa. "Jamani, chupa nilipokea kwa mkono wangu huu," alisema. "Na bado niliamini filamu."

Nanjala alitoka dawatini, akaenda kumkumbatia Becky. "Pole," alimwambia. "Ungeniambia hukumbuki, tungekumbuka pamoja."

Waceke alishusha pumzi. Yameisha, alidhani. Lakini Nanjala aligeuka, akalikabili darasa.

"Becky hakunicheka. Ila Jumatatu nilisikia kicheko, na si cha kwenye filamu. Kilikuwa chenu. Hicho hakuna aliyekibandika."

Waliopiga madawati siku ile walificha mikono. Mwalimu mwenyewe alitazama viatu vyake.

"Na wewe Waceke," Nanjala aliendelea, "hukuniuliza kama nataka watu wanione nikianguka."

 Usiku kucha Waceke alikuwa amemfikiria Becky. Hili halikumpitia akilini hata kidogo. "Nisamehe," alisema. "Niitoe?"

Nanjala alitikisa kichwa. "Usiitoe. Iache iendelee mpaka nimalize mbio. Hata kama inatikisika."

Jumamosi walikwenda mjini, katika ukumbi uliojaa wazazi. Nanjala alipoanguka, hakuna aliyecheka, labda kwa sababu hawakupewa nafasi: goti likaoshwa, akainuka, akachechemea, na alipofika kwenye mstari ukumbi mzima ulipiga makofi. Nanjala na Becky walikuwa wameketi bega kwa bega. Nanjala hakuinamisha kichwa.

Walipotoka nje, Waceke bado alikuwa na fundo moja rohoni. "Anti, mimi sikutaka kumuumiza mtu. Nilitaka tu filamu iwe tamu. Siku nyingine nitajuaje kwamba nimekata vibaya?"

"Hata mimi jambo hilo hunichanganya, na ni kazi yangu," Anti Jacklyne alisema. "Kwa hiyo nina sheria moja. Kabla ya kuwaonyesha watu, namwonyesha kwanza mwenye uso. Namketisha kando yangu, namtazama akijitazama. Mtu anaweza kusema uongo bila kutamka neno moja la uongo, Waceke, kwa kuchagua tu kipi akiweke karibu na kipi. Ukiwa mkweli, huogopi mwenye uso awe wa kwanza kuiona."

Waceke aligeuka kuwatafuta Nanjala na Becky. Walikuwa wameshatangulia barabarani, wanabishana ni nani alimwaga maji mengi zaidi, Becky au Mwalimu Oduor. Aliwakimbilia, simu ikiwa mfukoni.