Kiti Alichokipima kwa Macho

"Mbona miguu haifiki chini?"

Aliyeuliza ni mama wa bibi harusi, na wote waliokuwa uani wakageuka. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kipya, mgongo umenyooka, mikono juu ya egemeo, miguu inaning'inia kama ya mtoto aliyepakatwa. Harusi ni Jumamosi hii hii.

"Kimezidi kidogo," alisema seremala, mchumba wake. "Mkono umeteleza. Nitapunguza miguu."

"Ya kiti au yangu?"

Watu wakacheka. Seremala hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kiti kama mtu aliyekutana na mgeni asiyemtarajia mlangoni kwake.

Bibi harusi huyu walimpa jina la Sindano tangu utotoni, kwa kuwa ni mfupi, mwembamba, na akikuchoma unajua umechomwa. Ni fundi cherehani. Ndiye aliyeishawishi familia kwamba harusi yake itengenezwe kwa mikono yao wenyewe: hakuna kukodi, hakuna kununua kilichokwisha kutengenezwa. Mama ameoka keki za majaribio mpaka majirani wakisikia harufu wanajifungia ndani. Shangazi anakata maua ya karatasi na kulalamika vidole. Sindano ameshona gauni lake, suti ya bwana harusi, na shuka jeupe la ukuta mzima la kuoneshea filamu.

Filamu ni kazi ya mdogo wake, msichana mrefu wanayemwita Twiga. Yeye kazi yake ilikuwa kurekodi kila mshono na kila msumari kwa simu, ili wageni waone sherehe ilivyozaliwa. Sindano ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki na mama kushinda vibaruani. Alimsuka, alimpeleka shule, alimshonea sare zote, na kila mwaka aliongeza pindo kadiri mtoto alivyorefuka.

Seremala naye aliahidi viti viwili, chake na cha bibi harusi.

"Njoo unipime basi," Sindano alimwambia siku anaanza kuranda mbao.

"Nikupime ya nini? Mtu ninayemwona kila siku nampima kwa macho."

Hakuwa anajigamba. Ndivyo anavyofanya kazi. Watu humpelekea wazee wao wenye migongo mibovu, yeye anawatazama wakitembea, anaingia karakana, na kiti kikitoka huko kinampokea mwenyewe sawasawa. Hajawahi kukosea. Kwa hiyo Sindano aliporuka kushuka kwenye kiti chake cha harusi, moyo ulimwenda mbio bila kujua unakimbia nini.

Jioni, akiwa chumba chake cha kushonea, alimwandikia mdogo wake.

"Nitumie vipande vyote ulivyorekodi karakana."

Jibu lilikawia.

"Dada jamani, utaona siku yenyewe. Usijiharibie utamu."

Hakubishana. Alifungua kundi la familia, mahali ambapo Twiga alikuwa akiweka vipande vifupi vya kuwatia watu hamu. Wote walishaviona, wakacheka, wakatuma mioyo. Sindano aliviangalia upya, safari hii bila kucheka.

Mama, mikono imejaa unga, anaitazama kamera na kuifukuza. Shangazi anaitazama kamera na kuweka kilemba sawa. Seremala haitazami kamera. Anatazama juu yake kidogo, pale unapokuwa uso wa mtu aliyeishika, na anatabasamu. Tabasamu lile Sindano alilijua vizuri, kwa sababu mpaka hapo lilikuwa lake yeye peke yake.

Katika kipande cha kwanza anasema, "Shemeji, sogea, vumbi litakuingia machoni."

Katika kile kilichofuata anasema, "Sogea, vumbi litakuingia."

Katika cha mwisho hasemi kitu. Anafuta mikono kwenye aproni, ananyoosha mkono kuelekea kamera, na kipande kinakatika.

Sindano aliweka simu kifudifudi mezani. Alimpenda yule mwanaume. Alimpenda mpaka alipokuwa akipiga pasi suti yake alikuwa akiongea nayo. Aliumia kifuani, maumivu hasa, kama mtu aliyepigwa kiwiko. Kisha akampigia.

"Uko wapi?"

"Karakana. Ndiyo nashika msumeno niikate miguu ya kiti chako."

"Usiikate."

"Sasa utakaaje?"

"Kilete kama kilivyo kesho mchana. Uje tujaribu suti."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nina pini mdomoni," alisema, akakata simu. Mdomoni hakuwa na kitu.

Kesho yake jua lilikuwa kali na ua mzima ulinuka gundi ya maua. Seremala alikiweka kiti katikati, akavaa suti. Ilimkaa kila mahali. Sindano alikuwa amempima kwa futi yake ya kitambaa, mara mbili kila kiungo, kwa maana yeye haamini macho.

"Umependeza, mkwe wangu," alisema mama.

"Kijana katoka!" shangazi akadakia. "Angekuwa si wa kwetu ningemuiba."

Futi ilikuwa shingoni mwa Sindano. Aliishika ncha zote mbili kama anayejizuia asianguke.

"Twiga, nipe simu. Kila mtu yumo kwenye filamu isipokuwa wewe. Leo narekodi mimi."

"Dada, mimi sitaki kuonekana. Nywele zenyewe hizi..."

"Simama pale mlangoni. Bwana harusi, nitazame, utabasamu."

Kwenye kioo cha simu sura ya seremala ilijaa. Alitazama kamera, akatabasamu kwa mdomo. Halafu macho yakateleza taratibu, yakaenda mlangoni.

"Nipo huku," alisema Sindano.

"Nimekuona, mpenzi."

Yakarudi. Yakateleza tena. Mkasi wa shangazi ulikuwa umeacha kukata karatasi.

"Mdogo wangu, njoo ukae kwenye kiti."

"Kiti chako, dada? Mimi nikae kwenye kiti cha harusi yako?"

"Kaa."

"Mpenzi, acha utani," alisema seremala, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka ndani ya suti.

"Kuna aliyecheka?"

Twiga alikuja kwa hatua za mtu anayeitwa kuchapwa. Akakaa. Nyayo zake zikatua chini, zote mbili, bapa. Viwiko vikalala kwenye egemeo. Mgongo ukaingia kwenye mbinuko wa mbao kana kwamba mbao zililainishwa kwa ajili yake.

"Mungu wangu," alisema mama kwa sauti ndogo.

Sindano aliendelea kurekodi.

"Tangu lini?"

"Hakuna kilichotokea," seremala alisema haraka. "Naapa mbele ya mama."

"Sijauliza kilichotokea. Nimeuliza tangu lini."

Twiga ndiye aliyeanza kulia.

"Dada, nilimkatalia! Nilimwambia asirudie kabisa. Nilimwambia utakufa ukijua."

"Ulimkatalia. Kesho yake ukarudi karakana."

"Nilikuwa narekodi..."

"Najua. Nimeona. Hebu niambie kitu kimoja, na usinidanganye, nimekulea. Unampenda?"

Twiga aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa bado imeshika egemeo la kiti, na hakuiondoa. Hapo Sindano hakuwa na swali tena kwake.

"Nisikilize," alisema seremala. "Nilikuahidi ndoa. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Jumamosi ningekuoa, na ningekuwa mume mwema."

"Na mimi ningekaa wapi?"

"Nimeshakwambia, ningepunguza kiti."

Aliposikia alichosema, akajishika mdomo.

"Vua suti yangu," alisema Sindano.

Alivua koti pale pale uani, kisha akaingia ndani na kutoka na nguo zake za vumbi la mbao. Alipita katikati yao bila kuaga. Geti likajifunga nyuma yake. Ndipo Sindano akazima kamera, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti, na mama akamshika bila kumwambia anyamaze.

Twiga alisubiri mbali mpaka dada yake akajifuta uso.

"Niende nikakae kwa shangazi?"

"Una kazi hujaimaliza." Sindano alimwekea simu mkononi. "Filamu ni yako."

"Na hicho kipande ulichorekodi?"

"Wewe ndiye unayekata na kuunga. Ukiona hakifai, kitoe."

Jumamosi wageni walifika, maana wengi hawakupata kwa wakati habari kwamba hakuna ndoa, na mama alikataa keki iharibike. Walikaa sebuleni, mapazia yamefungwa, shuka jeupe limetandazwa ukutani kati ya maua ya shangazi. Walinong'onezana kumuulizia bwana harusi. Sindano aliingia akiwa na gauni lake, kwa kuwa alilishona na lilikuwa zuri, akaketi mkekani mbele kabisa.

Filamu ikaanza. Watu wakacheka unga wa mama na kilemba cha shangazi. Zikaja randa, msumeno, vumbi. Sindano alihesabu moyoni kwamba sasa itakatika, sasa mdogo wake atakuwa amejificha nyuma ya kamera kama siku zote.

Haikukatika. Ukutani yakaonekana macho ya mwanaume yakiteleza. Ikaonekana miguu mirefu ikitua chini. Ikasikika sauti ya Twiga, "Nilimkatalia," na ile ya mwanaume, "Ningepunguza kiti."

Pazia lilipofunguliwa Twiga alikuwa amesimama kando ya shuka, peke yake, akionwa na ukoo mzima, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Hakufunika uso.

Sindano alimtazama. Kisha akasogea kidogo mkekani, akaacha nafasi.

"Njoo ukae."

Twiga akaja, akakaa kando yake.

"Sijakusamehe," Sindano alimnong'oneza. "Ila usisimame peke yako, watu wanakutazama."

Mama akaanza kukata keki. Wale wawili walikaa vile vile chini, miguu wameinyoosha mbele, mmoja mirefu na mwingine mifupi, mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.