Udongo wa Ntambo Nyingine

Nilipokuwa darasa la sita, Jumamosi zangu zilianza kwa mlio wa jembe la bibi yangu, Kunigunda. Nilikuwa namkuta shambani akifukia nyasi na kutengeneza ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo yanayozuia mvua isiukokote udongo mlimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Yuliana. Leo jua limekupiga kofi ndipo ukaamka?"

Hata leo nikinusa nyasi mbichi, namsikia.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeondoa ruzuku ya mbolea. Magari ya wanunuzi wapya wa kahawa yalipanda Mbinga kila siku, lakini mbolea ilikuwa haishikiki kwa bei. Maharage ya bibi yalikuwa yamedumaa, majani ya njano, na niliumia kumwona akiyatazama.

Kwa hiyo mtafiti, Mama Verediana, alipokuja shuleni kwetu siku ya Ijumaa, nilimsikiliza kwa makini. Alituonyesha mharage pori.

"Kwenye mizizi ya mmea huu wanaishi bakteria wanaotengeneza mbolea kutoka hewani," alisema. "Kila mlima una ukoo wake wa bakteria. Maabarani tutasoma vinasaba vyao, tujue ukoo upi una nguvu, kisha tuwapeleke kwenye maharage yenu."

Kila mmoja wetu alipewa mfuko wa karatasi na ntambo yake, yaani mgongo wa mlima wa ukoo mmoja. Tulitakiwa kuchimba mmea pamoja na udongo wake, kuandika jina la ntambo na kuuleta kesho yake kabla ya saa tisa, gari lake linapoondoka. "Msioshe mizizi," alimalizia.

Mimi nilipewa ntambo ya mzee Othmar, ng'ambo ya kijito. Asubuhi niliukuta mharage pori, nikauchimba. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu. Nikadhani ni ugonjwa. Tena bibi alinifundisha kwamba mgeni hapelekewi kitu chenye matope. Onyo la mtafiti nililikumbuka, lakini wageni wote husema "msijisumbue", nasi hujisumbua. Nikaiosha mizizi kijitoni, nikavipukuchua vinundu vyote mpaka ikang'aa.

Njiani nilikutana na rafiki yangu Jacqueline. Akachungulia mfuko wangu, akashika kichwa.

"Yuliana! Vile vinundu ulivyopukuchua ndizo nyumba za bakteria!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikutaka kuitwa mjinga mbele ya shule nzima, na kule ng'ambo sikuwa nimeona mharage pori mwingine. Nikanyata hadi shambani kwetu, nikang'oa mharage mmoja wa bibi, nikakata mizizi yake yenye vinundu na kuitia mfukoni pamoja na udongo. Juu nikaandika: Ntambo ya mzee Othmar.

Sikujua bibi alikuwa nyuma ya mgomba.

"Mharage wangu umekukosea nini?"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakunipiga. Aliyakazia macho yale maandishi, kwani hakujua kusoma, akauliza yanasema nini. Nilipomsomea, akatikisa kichwa.

"Mtoto wa ukoo huu umemwandika wa ukoo ule? Twende kwa huyo mtafiti."

Mama Verediana alikuwa shuleni, akipakia mizigo garini. Nilimwambia ukweli huku nikitazama miguu yangu. Akatazama saa: saa nane kasorobo. Akavua viatu vyake vya mjini. "Nionyeshe huo mlima, mama," alimwambia bibi.

Tulipanda tukihema. Bibi ndiye aliyeuona mharage pori mwingine, pembeni mwa ngolo za zamani. Mama Verediana aliuchimba, akapasua kinundu kimoja kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu.

"Hawa wako kazini," alisema. Kisha akapasua kinundu cha mharage wa bibi. Kilikuwa cheupe. "Hawa wamelala. Yuliana, kuosha mizizi kulikuwa adabu iliyokosa mahali pake, ningecheka tu. Lakini jina la uongo lingeniambia kuwa wa mlima huu ni wavivu. Ningewatupa, na shamba la bibi yako lingebaki njano. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo."

Aliondoka saa kumi na nusu, dereva wake amenuna.

Misimu miwili baadaye, pakiti ya unga mweusi wenye wale bakteria, wa kuchanganya na mbegu, ililetwa shuleni. Nilimpelekea bibi sehemu yetu. Maharage yake yalipokua yakiwa ya kijani, aliniita nimsomee maandishi ya ile pakiti.

"Ntambo ya mzee Othmar," nikasoma.

"Safari hii ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Basi soma tena, kwa sauti," alisema, "mpaka na yale maharage yasikie."

Sasa bibi amelala mlimani kwake. Ile karatasi ya pakiti bado ninayo.