Gurudumu la Nyuma Kushoto

Taa ya njano iliwaka kwenye kona ya kisima, barabara ikiwa kavu kabisa. Ni ile taa yenye picha ya kigari na mistari miwili iliyopinda, inayowaka matairi yakikosa mshiko kwenye tope au barafu. Rudayna alikuwa akipanda mlima kurudi nyumbani, Ajloun, na papo hapo injini ikaishiwa nguvu chini ya mguu wake, kama gari lililoshikwa kwa nyuma.

Jioni alimwambia mumewe.

"Msimu wa zeituni huu," Aktham alijibu, macho kwenye sahani. "Matrekta yanachuruzisha mafuta njia nzima. Gari lenyewe zee. Liache."

"Una fundi ndani ya nyumba, halafu unaniambia niliache?"

"Nakuambia usiliguse, mke wangu. Mengine yote yaguse."

Mama Aktham, aliyekaa ghorofa ya chini na kula nao kila siku, aliacha kutafuna.

Rudayna alikuwa fundi umeme wa magari. Karakana yake ilikuwa uani, na wateja wake wengi walikuwa wanawake waliochoka kuzungushwa na mafundi wa mjini. Alikuwa na miaka sita ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika. Kila mara mama mkwe alimpikia uji, akamkanda mgongo, akamwambia ni hayo matairi anayoyabeba. Rudayna akaacha kubeba matairi.

Kesho yake Aktham alikwenda Amman kwa basi kushughulikia leseni yake. Mlango ulipofungwa tu, Rudayna aliliinua gari kwa jeki, akachomeka mashine ya kupimia. Mashine ikamtajia kosa: sensa ya gurudumu la nyuma kushoto. Akacheka peke yake. Vumbi la breki hujaa pale, sensa ikapofuka, gari likadhani gurudumu linateleza na kujikata nguvu. Kazi ya nusu saa.

Alisafisha, kosa likarudi. Akazibadilisha sensa, ya kushoto akaifunga kulia, ya kulia kushoto. Kosa likihama, sensa ndiyo mbovu. Halikuhama. Akapima waya kipande kwa kipande hadi kwenye kompyuta ya breki, akakuta ni mzima. Pete ya meno, ile ambayo sensa huisoma ikizunguka, haikuwa na ufa. Beringi haikucheza.

Ikabaki kutazama mwendo wenyewe. Alifungua ukurasa unaoonyesha kasi ya kila gurudumu, injini imezimwa, magurudumu yote manne yametulia mbele ya macho yake. Matatu yalisoma sifuri. La nyuma kushoto lilisoma nne. Likasoma tano, likarudi nne.

Ni kasi ya mtu anayetembea.

Kisha namba ikashuka ikawa sifuri. Uani kukanukia udongo uliolowa na hina mbichi. Rudayna alibaki amechuchumaa, mashine mkononi, akaiona namba ikipanda tena, mbili, tatu, nne, na safari hii akasikia nyuma ya gari, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta, miguu mitupu ikigusa saruji polepole, ikija upande wake bila haraka kama ya mtu aliye kwake, na kadiri ilivyokaribia namba ikawa inapungua, tatu, mbili, moja, mpaka ikasimama kwenye sifuri na pumzi ya baridi ikampita shingoni.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji kulikuwa na alama moja ya unyayo uliolowa, mdogo, wa kike.

Alifunga tairi, lakini hakuingia ndani. Alimwogopa mama mkwe kuliko alivyoogopa ule unyayo, na hakujua kwa nini. Akawasha gari, akashuka nalo mlima huku mashine ikiwa kitini. Akielekea juu, taa iliwaka na nguvu zikakatika. Akielekea bondeni, taa ilizimika na gari likawa jepesi. Akaliacha lichague. Likamshusha hadi njia ya matope ambayo gari lolote lingeteleza, nalo halikuteleza hata kidogo, mpaka kwenye kinu cha zamani cha kukamulia zeituni, kilichoachwa tangu enzi za babu zao.

Ndani mlikuwa na mkeka mpya na glasi mbili za chai. Ukutani limetundikwa koti la sufu la Aktham, lile alilosema limepotea kwenye basi. Rudayna alikaa juu ya mkeka ule akalia, kwa sababu bado aliamini mwenye glasi ya pili ni mwanamke tu, binadamu kama yeye.

Aktham aliporudi alimkuta mezani na mama mkwe, koti limekunjwa mbele yake.

"Ni nani?" aliuliza Rudayna.

Aktham akamtazama mama yake. Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na ukuta.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu. Hali chakula, hasemi, hatambui mtu. Madaktari walishanirudishia. Aliyemponya alitaka mume. Nikakubali mimi."

"Aliyemponya nani?"

"Mwenye lile bonde. Usinitake nimtaje humu."

"Na mimi mlinileta wa nini?"

"Nilitaka wajukuu."

"Aliniruhusu nioe," Aktham alisema. "Kwa sharti."

"Sharti gani? Sema, Aktham."

"Watakaopatikana ni wake."

Rudayna akamgeukia mama mkwe. "Ule uji. Ulipokuwa unanilisha, ulijua?"

"Uji ulikuwa uji tu, wallahi. Nilidhani atasahau."

Mume na mke walimwendea Hajja Watfa, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiwasomea Kurani watu wenye majini. Alisikiliza yote, akasema gari halina kosa. "Huyo hakuliingia gari. Yeye anafuata kila kilicho cha mumewe, hata mume asipokuwepo, anatembea ubavuni mwake. Ndoa haisomewi ikatoka. Huvunjwa kwa talaka, kwa kinywa cha mume, mbele ya mke mwenyewe."

Aktham alilia, akamshika mkewe mkono. "Nitasema. Niamini kwa hili moja."

Ijumaa baada ya alasiri waliteremka wote watatu. Hajja alisoma kinuni mpaka kuta zikatoa jasho na harufu ya hina ikawakaba koo, na penye giza, nyuma ya jiwe la kusagia, kitu kikaacha kusogea kikawa kinasikiliza.

"Sasa sema," Hajja alinong'ona.

Aktham alitazama lile giza. Uso wake ukalainika namna ambayo Rudayna hakuwahi kuiona kwa miaka yote sita.

"Nimekuacha," alisema. "Nimekuacha, Rudayna binti Khalaf. Talaka tatu."

Hajja Watfa alifunga msahafu. Alimshika Rudayna kiwiko, akamtoa nje taratibu, kama anayemtoa mtu msibani. Aktham hakutoka. Nyuma yao walisikia glasi mbili zikiwekwa chini.

Rudayna ndiye aliyeendesha kurudi. Gari lilipanda mlima bila taa na bila kusita, magurudumu manne kwa kasi moja. Aliliacha mlangoni, akapakia vifaa vyake kwenye gari la kaka yake, akahamia kwa baba yake, Jerash.

Masika yaliyofuata, Mama Aktham alikuja huko. Alikuwa amekonda, hijabu imekaa upande. Hakukubali kuingia.

"Nimekosa kwako, na sikuja kuomba msamaha," alisema. "Nimekuja kukuuliza. Juu kwetu kuna watoto wawili wanakimbia. Mchana, saa sita, jua linawaka. Nikipanda simkuti mtu ila Aktham. Wanamwita baba yao, naye anaitika. Mmoja ana sauti yako."

Rudayna aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka kitambaa kikamponyoka.

"Wanalia?" aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Aktham. "Wanacheka."