Siri ya Mbolea ya Mzee Nabuti

Kijijini kwetu Kiribati, hakuna aliyemshinda mzee Nabuti kwa babai, magimbi makubwa ya kwenye mashimo ya maji. Kila asubuhi alishuka shimoni na mjukuu wake Teretia, wakatia mbolea kwa mikono. Mbolea ile ilikuwa siri ya ukoo. Mzee aliringa nayo, nasi majirani tulimwonea wivu, nisiseme uongo.

Teretia alipofika miaka sita, alianza kuharisha kamasi na damu. Akakonda. Hata kucheza hakuweza.

"Ni huyu mbwa!" alisema mama yake, Kaotia, akimwonyesha mbwa aliyelala na Teretia. "Ana minyoo. Leo anaondoka!"

"Msimfukuze Meang wangu!" Teretia akalia.

Wakampeleka mtoto zahanati. Muuguzi Aroita akapima choo chake.

"Ana minyoo mjeledi," akasema. "Mbwa huwa na ya kwao, lakini ni nadra sana kumwingia mtu. Hii imetoka kwa binadamu. Mayai hutoka na kinyesi, yakakomaa kwenye udongo wenye unyevu, kisha yakaingia mdomoni kwa mikono michafu. Babu, mbolea yenu mnaitoa wapi?"

"Hilo haliulizwi, binti yangu."

"Basi nitamtibu leo, na baadaye atarudi vilevile. Damu imempungua, babu. Chagua, siri au mjukuu."

Nabuti alimtazama Teretia. Machozi yakamtoka.

"Vichakani nyuma ya nyumba," akasema. "Tunakojisaidia."

"Mama yangu wee!" Kaotia akashika kichwa. "Na mimi nikamsingizia mbwa!"

Teretia alimeza dawa siku tatu, na nyumba nzima ikatibiwa. Meang naye akapewa dawa ya mbwa, na kinyesi chake kikawa kinazolewa. Nabuti akajenga choo mbali na kisima. Kuanzia hapo mbolea ikawa ya majani kutoka mahali safi, na kila aliyetoka shimoni alinawa kwa sabuni.

Miaka miwili baadaye, kwenye karamu ya kijiji, babai la Nabuti lilishinda tena kwa ukubwa. Teretia ndiye aliyelibeba, peke yake, shingo imesimama.

"Tupe siri, mzee!" tukapiga kelele.

Akasimama. "Mbolea ya zamani tuliichota tunakojisaidia, ikataka kuniulia mjukuu. Ya sasa ni majani safi. Njooni kesho niwaonyeshe, na choo changu mkione."

Niliona fahari kuwa jirani yake. Kesho yake tulikwenda watu kumi na wawili, kila mmoja na sepetu yake.