Pakiteng', Kwa Nini Uliniambia Nifute?

Nina miaka thelathini na moja, ni Mwiraqw wa Rhotia, na kibanda changu cha gemu kipo Karatu mjini, nyuma ya soko. Cheka tu! Wengi wameshanicheka. Mtu mzima na ndevu zake, anashinda anafuatilia habari za gemu... Lakini soma kwanza. Ukimaliza, kama bado una meno ya kucheka, cheka.

Niseme ukweli, kucheza kwenyewe sijui. Watoto wa shule wananifunga mabao mpaka naona aibu. Ugonjwa wangu ni habari. Gemu gani inatoka, nani anaitengeneza, kwa nini imeahirishwa. Na zinaahirishwa, jamani! Unasubiri, unatangazia watu, halafu wanakwambia mwakani. Mwakani ikifika wanaomba radhi kwa Kiingereza kitamu na kusogeza mbele tena. Kwenye grupu letu la simu mimi ndiye nilikuwa natafsiri, kwa hiyo matusi yote yalikuwa yanaishia kwangu. Kana kwamba ni mimi niliyelala kazini!

Aliyekuwa ananitetea ni mmoja tu, Lekishon, Mmasai wa Malambo, dereva wa watalii. Akitoka kreta, lile bonde la wanyama wanaloshukia watalii, anapitia kibandani na vumbi lake, tunabishana mpaka chai inapoa. Yeye alishikilia kwamba gemu za simu zitaua hizi za televisheni. Mimi nikasema thubutu! Tulipendana, ndugu zangu. Mpaka akaniletea mtamba wa ng'ombe, na mimi nikampa wa kwetu, wa kijivu, ambaye baba alimkata sikio kwa mkono wake, alama ya nyumba yetu.

Sasa kwa Wamasai, watu wawili wakipeana ng'ombe, majina yao yanakufa hapo. Yeye ananiita Pakiteng', na mimi namwita Pakiteng'. Maana yake, kati yetu kuna ng'ombe. Huwezi kumwita mtu hivyo halafu ukamlaghai. Hivyo ndivyo nilivyoamini mimi, mjinga mimi!

Siku moja Lekishon akanionyesha ukurasa mpya wa mtandaoni, wa mtu aliyejiita Mdokezi. Habari za gemu kwa Kiswahili, tena za ndani. Habari mbili tatu za mwanzo zikawa kweli. Nikawahimiza watu wote wa grupu waufuate, na wao wakawavuta wenzao, ukajaa wafuasi.

Ndipo Mdokezi akaandika kwamba kampuni ya nje inatengeneza gemu ya nchi yetu. Kreta ndani yake, ng'ombe, msitu, ukungu. Na wanakuja kurekodi sauti za wazee wa hapa! Aisee, nililia machozi. Miaka yote tunacheza miji ya wenzetu, leo Karatu?

Baba yangu alikuwa bingwa wa slufay. Kwa msiojua, slufay ni baraka za Wairaqw, mzee anazisema kama shairi na watu wanamwitikia. Baba akianza, hata walevi walikuwa wanavua kofia. Na baba huyohuyo hakuwahi kuiita kazi yangu kazi. Alisema nimefungua shule ya uvivu. Nilipomweleza kwamba dunia nzima itasikia slufay zake ndani ya gemu, aliniangalia, akasema kumbe ulikuwa unalima, mwanangu, sikuliona tu shamba.

Mnajua uzito wa neno hilo? Nilikuwa nimelingoja tangu utoto!

Kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini alipata nguvu. Kanisani alitangaza mwenyewe. Halafu Mdokezi akaweka sharti: sauti isiwe imewahi kurekodiwa popote, hata kwenye simu. Ikirekodiwa, mzee haingii.

Dada yangu Theresia alikuwa amemrekodi baba kwenye simu yake, jioni nyingi, pole pole, akimpa uji na kumsikiliza. Rekodi zote za baba zilikuwa humo. Sikujua nifanye nini. Nikampigia Lekishon. Nikamwambia Pakiteng', hizi ndizo tulizo nazo, hakuna nyingine. Akasema, "Futa, Pakiteng'. Usiharibu bahati ya mzee."

Nikafuta. Theresia alilia, alining'ang'ania mkono, akasema kaka, nibakizie hata moja. Nikamfokea kwamba mambo ya gemu hayajui. Nikafuta zote.

Siku ya kurekodi aliyoitaja Mdokezi, baba alivaa koti lake la harusi, tukaenda uwanja wa shule. Wazee wengine walikuja, na kwaya nayo ikaja. Tukakaa. Manyunyu yakaanza, baba akakataa kuondoka, akasema wageni wamekwama Oldeani kwenye matope. Nikafungua simu. Mdokezi ameandika: imeahirishwa.

Imeahirishwa! Neno lilelile nililowatafsiria watu miaka yote, leo nikamtafsiria baba yangu mzazi mbele ya kijiji. Wa kwanza kucheka alikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Baba alisimama, akashika fimbo yake, akarudi nyumbani bila kuniangalia.

Nilirudia kuzitazama picha za Mdokezi moja moja. Kuna moja aliandika ni kambi ya wageni, maboksi ya vyombo vyao porini. Nyuma ya maboksi, ng'ombe. Wa kijivu. Nikaikuza picha... Sikio! Mtu wa ng'ombe hapotezi ng'ombe wake. Yule alikuwa mtamba wetu, amekuwa ng'ombe mzima, amesimama bomani kwa Lekishon, Malambo.

Mnajua nilivyo mpumbavu? Nilifurahi! Nilidhani wageni wamefikia kwake. Nikampigia nimlaumu kwa kunificha. Akakata simu. Kukata kule ndiko kulikonifungua macho: Mdokezi ni yeye.

Alikuja kibandani mwenyewe. Alikiri yote. Alisema alianza kwa mzaha, aliniona nimechoka na habari za kuahirishwa, akataka nifurahi. Wafuasi walipojaa, kuna mtu wa Arusha akataka kuununua ukurasa, basi akaendelea kutafuta kiki, habari za kushtua watu, ili wafuasi wasipungue. Nikamuuliza jambo moja tu. Nilipokupigia kuhusu rekodi, si ungesema usifute? Neno moja tu! Akainamisha kichwa. Akasema angesema hivyo, ningemshtukia kwamba Mdokezi ni yeye.

Mshenzi yule! Alinunua siri yake kwa sauti ya baba yangu.

Theresia alimpelekea baba simu tena, akambembeleza. Baba alikataa. Alisema slufay haisemwi na mtu aliyechekwa, nani atamwitikia? Kifua kikazidi. Baada ya wiki chache alikuwa ananong'ona tu, kisha hata kunong'ona kukaisha. Tulimzika kwenye shamba lake, chini ya migomba.

Wajukuu waliotoka Mbulu na Babati waliomba wamsikie babu. Kila mmoja alinyoosha simu yake, nitumie na mimi, mjomba. Niwatumie nini? Theresia alinitazama akatoka nje. Lekishon alisimama getini, akaniita Pakiteng' mara kwa mara. Sikuitika. Sitaitika mpaka naingia kaburini.

Ndugu wasomaji, sisemi msifuatilie gemu. Fuatilieni, bishaneni, tukananeni. Lakini habari isiyo na mwenyewe msiipe kitu cha nyumbani kwenu, hata mkiletewa na mtu mliyepeana naye ng'ombe. Na kama baba yako bado anaongea, hata kama anakugombeza, washa simu sasa hivi umrekodi. Usingoje wageni!

Jana mtoto wa Theresia aliniuliza babu alikuwa anazisemaje zile baraka. Nikajaribu mstari wa kwanza. Nilifika katikati, nikakwama, na nyumba nzima hakukuwa na wa kunimalizia.