Kompyuta Iliyoomba Kufunguliwa Mlango

Kila likizo fupi, Jeremy Ndegwa alirudi kutoka shule ya bweni akiwa na ratiba yake maalumu. Asubuhi alikunywa chai, akarudi kulala, kisha akaamka kumsumbua dadake Janice. Kazi hiyo ya mwisho aliifanya kwa bidii ambayo walimu wake hawajawahi kubahatika kuiona.

Jumatano moja, ratiba hiyo ilivurugwa. Baba yake, msanifu majengo, alimwita mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni mwa sebule yao huko Muthangari.

"Mchana nitakuwa na wateja ofisini, mjini," Baba alisema. "Michoro yao yote imo humu, na ni mizito mno kutumwa kwa barua pepe. Unaweza kufanya niifungue nikiwa kule?"

"Hiyo ni rahisi sana, Baba."

Na kweli aliijua kazi hiyo. Aliweka programu moja kwenye kompyuta ya nyumbani na nyingine kwenye kompyuta ya mkononi ya Baba, akaziunganisha kwa mtandao. Baba aliposogeza kidole akiwa jikoni, mshale ulisogea sebuleni. Jeremy akarekebisha mipangilio ili kompyuta isijizime yenyewe.

"Mtu yeyote asichomoe waya," alionya, kwa sauti ya daktari mkuu.

"Basi uilinde," Baba alisema. "Nikikwama mbele ya wateja hawa, kazi inaenda kwa mwingine. Nimekuachia wewe."

Baba alipoondoka, Jeremy aliiweka programu hiyo kwenye simu yake pia. Hakuna aliyemwomba.

Baadaye Janice aliketi kwenye kompyuta kuandika insha ya chuo. Jeremy akaenda kujificha katika stoo ya nyuma ya nyumba, kati ya gunia la makaa na baiskeli mbovu, simu mkononi. Katikati ya maelezo mazito ya Janice kuhusu uchumi, maneno yakajiandika: JANICE, RUDISHA CHAPATI YANGU.

"Mama!" Janice alipiga kelele. "Kompyuta inajiandika!"

Jeremy alicheka huku akiuma mkono wa sweta asisikike. Ndipo Munyiva, msaidizi wao wa nyumbani, alipopita, akaona mlango wa stoo haujafungwa vizuri, akautia kufuli na kwenda sokoni. Jeremy alisikia kufuli likibana, lakini akanyamaza. Kuita kungeharibu mchezo, na Munyiva angerudi tu.

Munyiva hakurudi upesi. Stoo haikuwa na dirisha. Joto lilipanda, vumbi la makaa likamwingia puani, na Jeremy akaanza kugonga mlango. Alikuwa amesahau kwamba Jumatano akina mama wa kanisa hukutana kwao. Sebuleni waliimba kwa makofi na kayamba. Hata king'ora kisingesikika. Alimpigia Mama. Alimpigia Janice. Simu zote zilikuwa zimezimwa na kutiwa kikapuni, kama ilivyo desturi ya kikundi hicho.

Kumpigia Baba mbele ya wateja hakuthubutu. Njia ya kusema na watu ilibaki moja. Akaandika: NISAIDIENI. NIMEFUNGIWA. NATAKA KUTOKA.

Janice, aliyekuwa bado kwenye kompyuta, alipiga kelele tena, na wimbo ukakatika. Maombi yakaanza, kwa sauti kubwa kuliko wimbo.

"Shindwe!" alisema Mama Kitavi, kiongozi wa kikundi, akisimama. "Mama Janice, nyumba yako imeingiliwa. Muulizeni jina. Mapepo wakiulizwa jina huwa wanalegea."

Janice akaandika: WEWE NI NANI?

Kule stoo, jasho likimtiririka, Jeremy alilisoma swali hilo mara kadhaa. Lilikuwa swali rahisi kuliko yote aliyowahi kuulizwa, lakini kulijibu kungefichua mchezo wake, na hakulijibu.

"Anakataa," Mama Kitavi alisema. "Mwambie akinyamaza tunachomoa waya."

Janice aliandika hivyo. Wakati huo huo mshale ulitembea wenyewe, na mchoro wa jengo ukafunguka kando ya insha. Akina mama walipiga mayowe. Mama Janice akainama kuutafuta waya.

Jeremy aliuona mchoro kwenye simu. Huyo alikuwa Baba, na wateja walikuwa wakitazama kioo hicho hicho. Akiandika, wangesoma wote. Asipoandika, wangeona giza.

MAMA USICHOMOE, aliandika. NI MIMI JEREMY. NIKO STOO. ANAYEFUNGUA MCHORO NI BABA.

Mama aliuachia waya.

"Huyo si pepo," Mama Kitavi alisema polepole. "Huyo amezidi pepo."

Mama alichukua ufunguo wa akiba na kumfungulia. Jeremy alitoka akiwa mweusi kwa makaa, hivyo akina mama wakapiga mayowe mara ya pili, kisha wakasimama wakimtazama huku akiwaomba msamaha mmoja mmoja.

Jioni Baba alimkuta ameketi mbele ya kompyuta.

"Wateja walisoma?" Jeremy aliuliza.

"Wote. Mmoja aliuliza kama stoo imo kwenye mchoro." Baba hakucheka. "Kazi tumepata. Usidhani hilo limekusafisha."

"Ndiyo, Baba."

"Mtu akikuamini na kitu chake, kitumie kwa lile alilokuaminia, basi. Leo ulikichezea. Ulipoomba msaada wa kweli, watu wakakukemea. Umeona? Anayechezea imani ya wenzake hubaki peke yake siku ya shida."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Sasa futa hiyo programu kwenye simu yako. Halafu geuka uangalie ukuta. Nabadilisha nenosiri."

Jeremy aligeuka. Nyuma yake Baba alibonyeza kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi, akikosea, akifuta, akianza upya. Jeremy, aliyeijua kazi hiyo kuliko wote nyumbani, aliendelea kuangalia ukuta.