Pistoni ya Babu Kutu

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua sare, akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya oili, akachukua mswaki uliokwisha kustaafu kazi ya kinywani, akaenda kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana ya shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kuosha. Shangazi alikuwa fundi wa misumeno ya mnyororo, zile mashine za kukatia magogo ambazo watu wengi huziita chenso. Wala hakuhangaika na chenso mpya za dukani. Yeye alifufua vikongwe, mashine zilizotengenezwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, nzito kama mbuzi aliyegoma kutembea. Zilifika zimeganda utomvu, vumbi la mbao na mafuta meusi, na mtu wa kwanza kuzishughulikia alikuwa Chapuchapu, na mswaki wake, na kopo lake la mafuta ya taa.

Jina la Chapuchapu alilipata kwa jasho lake. Alikula mbio, aliandika mbio, na mama yake alisema hata usingizi aliulala mbio ili awahi kuamka.

"Shangazi, hii nimemaliza."

"Umemaliza, au umechoka?"

"Nimemaliza, wallahi."

Shangazi alipitisha kidole ndani ya mfuniko, akakitoa cheusi tii. "Basi kidole changu ndicho kichafu. Rudia."

Mwezi huo palikuwa na mgonjwa maalumu mezani. Ilikuwa chenso nyekundu ya mpasua mbao mmoja mzee, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mashine za aina hiyo hazitengenezwi tena, na spea zake dukani hazipo. Pistoni yake, kile kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka ndani ya injini, ilikuwa imelika vibaya. Shangazi alikuwa ametafuta nyingine miezi minane. Aliuliza kwa mafundi, kwa wakata miti, kwa watu waliomwona kama amechanganyikiwa. Mwishowe aliipata kwa Babu Kutu.

Babu Kutu alikuwa muuza vyuma chakavu nyuma ya soko. Kila kipande alikifuta, akakikagua juani, akakifunga kwenye gazeti kama andazi. Mafundi wote walimjua. Akikwambia kizima, ni kizima. Akikwambia kibovu, hata ukimbembeleza hakuuzii.

Shangazi akaifunga ile pistoni ndani ya injini, akiimba. Siku ya pili yake akachukua begi.

"Naenda kwa mchomeleaji. Wewe osha kabureta tu. Ile klachi ya chenso nyekundu tutaifungua nikirudi. Usiiguse."

"Sawa, Shangazi."

Na kweli asingeigusa, kama rafiki yake wa darasani asingepita pale akiwa na mdomo wake. Rafiki huyo aliitwa Kicheko, na alikuwa na haki zote za jina hilo.

"Wewe si ulituambia unafungua injini?" Kicheko aliuliza, akiegemea mlango.

"Nafungua."

"Mbona kila nikipita nakukuta na mswaki? Kumbe we ni daktari wa meno wa chenso!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Chapuchapu akahisi masikio yanawaka. "Subiri uone," akasema, akasimama mbele ya chenso nyekundu.

Sasa, klachi ya chenso, kile kipande kinachozungusha mnyororo, ina mambo mawili. La kwanza, hufunguka kinyume. Ukizungusha upande unaofungulia nati zote za dunia hii, hiyo ndiyo unaikaza. La pili, injini huzunguka pamoja nayo, kwa hiyo ni lazima pistoni izuiwe. Shangazi huchomoa plagi ya kutolea cheche, akajaza kamba laini kwenye tundu lake, pistoni ikapanda na kuegemea kamba bila kuumia. Chapuchapu alikwisha kuyaona hayo mara kumi. Lakini kamba ilikuwa imening'inia juu ukutani, na kuifikia ilitaka kupanda meza. Bisibisi ilikuwa mkononi.

Akaichomeka bisibisi tunduni. Akaweka spana kwenye klachi. Akavuta, upande wa kawaida. Ikagoma. Kicheko akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Chapuchapu akatia mguu kwenye ukingo wa meza, akavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Ka!

Ilikuwa sauti ndogo tu. Alipoichomoa bisibisi, ncha yake ilikuwa na chembe iking'aa kama fedha.

"Imefunguka?" Kicheko aliuliza.

"Bado. Nenda zako, Shangazi anarudi."

Akarudisha plagi, akafuta alama za vidole, akakaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza maishani alifanya kazi polepole. Aliisugua kabureta mpaka ikawa kama imetoka kiwandani. Shangazi aliporudi aliigeuza mkononi, akatabasamu.

"Eeh! Leo mwanangu umeosha. Hivi ndivyo ninavyotaka."

Bora angempiga kofi.

Kesho yake Shangazi akashughulikia klachi, akamaliza kuifunga mashine. Akavuta mpini wa kuwashia. Ukaja mwepesi, kama unavuta uzi kwenye siagi.

"Haina pumzi," akasema. Akavuta tena. "Haina pumzi kabisa hii."

Akaifungua injini yote upya, bila kuimba. Akaitoa pistoni, akaitazama mlangoni kwenye mwanga. Juu yake palikuwa na kidoa kilichobonyea, na kutoka hapo ufa mwembamba kama unywele. Chapuchapu alifungua mdomo, maneno yakafika kooni, yakageuza.

"Yule mzee kaniuzia kitu kimepasuka," Shangazi akasema. "Miezi minane! Beba huo mfuko, twende."

Kwa Babu Kutu walikuta mafundi watatu wakichagua vyuma. Shangazi hakusalimia, na huyo ni mtu ambaye alisalimia hata paka wa jirani.

"Mzee, hii ni nini?"

Babu Kutu akaipokea pistoni, akaisogeza karibu na miwani yake. "Ina ufa. Imegongwa na kitu."

"Imegongwa na aliyekuwa nayo zamani, na wewe ukanifungia kwenye gazeti ukaniambia nzima!"

"Binti yangu, niliikagua. Niliikagua juani, nikaigeuza pande zote."

"Basi juani hukuona, au uliona ukanyamaza!"

Fundi wa pikipiki aliyekuwa karibu akaweka chini kipande alichokuwa anataka kununua. "Kumbe ndio biashara zenyewe hizi," akamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono unaosikika hadi barabarani.

Babu Kutu akageuka, akamwona Chapuchapu nyuma ya mfuko. Uso wake ukapata matumaini.

"Huyu mjukuu wangu alikuwepo siku uliponunua! Na ndiye anayeosha vyuma. Hebu niambie, mjukuu wangu, mimi nakuamini wewe. Ilipofika kwenu ilikuwa na ufa?"

Watu watano wakamtazama. Jasho likamtoka mpaka nyuma ya magoti. Angeweza kusema "haikuwa nao," neno fupi tu.

"Sijui," akasema, akiangalia vidole vya miguu yake.

Babu Kutu akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Usiku huo chakula hakikupita. Mama alimshika paji la uso akasema hana homa. Shuleni, mwalimu alimuuliza saba mara nane, akajibu "sijui," na neno lile lilipomtoka alitaka kulia. Kicheko naye alisogea, hakucheka.

"Ni ile ya bisibisi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Ila nasikia mafundi wameacha kwenda kwa yule babu. Fundi pikipiki anatangaza kila kona."

Kengele ilipolia, miguu ya Chapuchapu haikumpeleka karakana. Ilimpeleka nyuma ya soko. Alikusudia kuchungulia tu. Uwanja ulikuwa mtupu, hakuna mteja hata wa kuulizia bei. Babu Kutu alikuwa amekaa kwenye mkeka, na mbele yake alikuwa amefungua magazeti yote. Pistoni, gea, vifuniko, mamia ya vipande, na alikuwa akivikagua upya kimoja kimoja, akivisogeza hadi vinagusa miwani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Hebu nisaidie, wewe una macho mapya. Hiki kina ufa?"

"Hakina, Babu."

"Na hiki?"

"Hakina."

"Mimi naona kama kina." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati. "Siamini tena macho yangu. Shangazi yako hajawahi kunisingizia kitu, kwa hiyo kosa ni langu. Nimeamua nifunge. Mtu asiyeona ufa hastahili kuuza vyuma. Siku nyingine itakuwa breki ya mtu."

Chapuchapu hakukaa wala hakutafuta maneno mazuri.

"Babu, haikuwa na ufa! Mimi ndiye niliyeipasua. Nilitia bisibisi. Niliambiwa nisiguse, nikagusa, nikanyamaza. Na ulivyoniuliza nilijua. Macho yako ni mazima, Babu."

Alisubiri kupigiwa kelele. Babu Kutu akavaa miwani, akamtazama. Ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ulinijibu hujui," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Babu."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, Babu. Naomba unisamehe."

"Mimi nimesikia. Lakini si mimi peke yangu niliyesikia ile 'sijui.'"

Chapuchapu alielewa. Alitamani asingeelewa.

Alianza na Shangazi. Alisema yote kwa pumzi moja akiwa amesimama mlangoni, kabla ujasiri haujamtoroka. Shangazi akaweka spana chini. Usoni hakuonyesha hasira kwanza. Alionyesha aibu, na Chapuchapu hakuwahi kujua kwamba watu wazima nao wanayo.

"Nimemtukana mzee wa watu," Shangazi akasema. "Kidoa kipya, kinang'aa, na mimi fundi mzima sikuuliza kwanza nyumbani kwangu. Vaa viatu."

Wakazunguka pamoja, kwa fundi wa pikipiki, kisha kwa wale wengine wawili. Kila mlango Chapuchapu alisema maneno yaleyale, "Pistoni niliivunja mimi, Babu Kutu aliuza kitu kizima," na kila mlango yalikuwa mapya na machungu. Fundi wa pikipiki alijikuna kisogo. "Na mimi nilivyotangaza! Haya, itabidi nizunguke tena kutangua." Mwisho walirudi kwa Babu Kutu, na Shangazi akapiga magoti kwenye vumbi la kutu akaomba radhi. Mzee akamwinua, akawapigia kelele wote wawili kwamba wanamkanyagia gea zake.

Ilibaki chenso. Shangazi alimkabidhi Chapuchapu ile silinda, nyumba ya pistoni, ndani ya mfuko wa kitambaa. "Uliyoivunja utaitafuta. Itakayoingia humu bila kucheza na bila kugoma, hiyo ndiyo yenyewe."

Kila Jumamosi alizunguka na mfuko wake, Kicheko akimsindikiza kwa hiari, maana alisema mdomo wake nao una kesi. Walipima pistoni kubwa mno, ndogo mno, na moja iliyokuwa kikombe cha kuwekea kalamu. Babu Kutu aliwaelekeza sehemu za kuuliza. Jumamosi ya tano, kwenye uwanja wa mbao pembezoni mwa mji, Chapuchapu aliona geti limezuiwa lisijifunge kwa kitu kizito, chenye matope. Chini ya matope palikuwa na rangi nyekundu.

"Mlinzi, hiyo ni chenso?"

"Hiyo? Hiyo ni jiwe la geti. Nimelikuta hapa, nitaliacha hapa."

"Nikikuletea jiwe la kweli?"

Mlinzi akafikiri. "Liwe kubwa."

Walisukuma jiwe kwa toroli kuanzia mtoni, wakihema kama treni. Ile chenso ilikuwa imeganda, ikalowekwa mafuta siku sita, na Chapuchapu hakuiharakisha hata kwa saa moja. Pistoni ilipotoka, aliishusha ndani ya silinda. Ikateremka taratibu, kimya, kama mtu anayeingia kitandani mwake.

Siku mpasua mbao alipokuja, Shangazi alivuta mpini mara tatu. Chenso ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikanguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee alisimama ameshika kofia yake kifuani mpaka injini ilipozimwa.

"Ndiyo sauti ya baba hiyo," akasema. "Nani kaipata hiyo pistoni?"

"Huyu hapa," Shangazi akajibu. "Na ya kwanza aliivunja huyuhuyu."

Chapuchapu alitamani ardhi impokee. Lakini hakuangalia vidole vya miguu. "Ni kweli, Babu. Ndiyo maana umechelewa kuipata mashine yako. Nisamehe."

Mpasua mbao akacheka. "Mimi nimesubiri kuisikia tena miaka ishirini, mwanangu. Wiki sita ni nini?"

Alipoondoka na mashine yake begani, Shangazi alikaa kwenye kigoda, akamvuta Chapuchapu karibu.

"Kuvunja kitu sikukasirikii sana. Hata mimi nimevunja, uliza wenzangu. Chuma kikipasuka tunazunguka na mfuko mpaka tukipate kingine. Ila uliponyamaza ulivunja jina la mtu, na jina halina spea, mwanangu. Hakuna uwanja wa vyuma utakaolipata. Linaweza kutengenezwa na yule tu aliyelivunja, kwa mdomo wake, mbele ya walewale waliosikia. Ukikosea hapa, niambie siku hiyohiyo. Nitagomba, na masikio yatakuuma. Lakini yatapona."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Umeelewa, au umechoka kunisikiliza?"

"Vyote viwili," Chapuchapu akasema kweli.

Shangazi akacheka, akampa kabureta chafu kuliko zote, akaingia ndani kuwasha taa.